Geti Jeusi, LUKU ya wapangaji na "Mgogo" wa Jumatano: wiki ya runinga nilivyoiona nikiwa nasuka

Mleta uzi, umeuliza mawili kwa mpigo: wiki hii kati ya vichekesho na tamthilia kipi kimetuangusha, na kama ni kweli vichekesho vya Kibongo vimekufa, tubaki kulia na tamthilia za Waturuki. Naona wengi wamejibu "vimekufa" wakapita zao. Mimi nitajibu kwa kirefu, mnivumilie, maana kazi yangu inaniweka mbele ya runinga kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tatu usiku, mikono ikiwa kichwani kwa mtu.

Ni msusi. Saluni yangu ipo Chang'ombe, hii ya Dodoma, siyo ile ya Dar. Viti vitatu, draya mbili (moja inafanya kazi, nyingine tunaanikia taulo), na runinga bapa ya inchi 32 juu ya kabati la rasta. Mteja wa rasta ndogondogo anakaa saa sita, akiwa na nywele nyingi saba. Hana pa kwenda. Akisimama aende chooni anatoka na nusu kichwa. Kwa hiyo vipindi pale kwangu vinatazamwa na watu wasioweza kuondoka, na mtu aliyekaa saa tano huku ngozi ya kichwa inamvuta hana huruma na mwigizaji yeyote.

Kichekesho nakipima hivi. Mteja akicheka, kichwa kinatikisika, na kichwa kikitikisika mstari unapinda. Kikiwa kibovu nagawa nywele kutoka utosini hadi kisogoni bila kusimama. Kikiwa kizuri utanisikia nasema "tulia dada". Kikiwa kizuri sana naweka kitana chini, tunacheka wote, halafu tunaendelea.

Majina rasmi ya vipindi hamtayapata kwangu. Saluni hakuna anayeviita hivyo, kila kimoja tumekipa jina letu. Mnaovitazama mtavijua tu.

Nianze na Geti Jeusi, maana hiyo ndiyo imekula wiki yangu. Ni ile ya familia tajiri ya Dar ambayo kila ugomvi unaanza na geti jeusi kufunguliwa, mlinzi anakimbia, gari linaingia, mtu anashuka na miwani. Jumatatu mzee mwenye nyumba alikufa. Alikuwa anakohoa tangu wiki tatu zilizopita, na sote tunajua kwenye tamthilia zetu hakuna anayekohoa mara mbili akabaki hai. Kifo chenyewe hakikunigusa. Kilichonishughulisha ni kichwa cha mke mkubwa. Wodini pembeni ya kitanda alikuwa na rasta za kahawia hadi kiunoni. Akatoka kwenye korido kumpigia shemeji yake simu, akawa na wigi fupi. Akarudi wodini, rasta zile zile zimemsubiri. Mama mmoja niliyekuwa namkaza kichwa akauliza, "Huyu kasukwa na nani, mbona ana haraka hivyo?"

Msiwaseme vibaya bure lakini, hili nalijua kwa ndani. Mwaka juzi watu fulani walikuja hapa Dodoma kurekodi mchezo wa runinga, wakaniita siku tatu niwe nawatengeneza nywele. Ndipo nilipojifunza kwamba hawarekodi kwa mpangilio tunaouona. Wakikodi sebule ya mtu siku moja, wanapiga matukio yote ya sebuleni, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, wanakusanya vyombo wanahamia kwingine. Kwa hiyo dada anaweza kulia msiba asubuhi na kuchumbiwa na huyo huyo marehemu jioni. Mimi nikawa napiga picha kila kichwa kwa simu, mbele, nyuma na pembeni, ili kesho yake nikirudishe kilivyokuwa. Siku ya pili mwigizaji mkuu akaja kasuka yeboyebo kwa sababu jioni alikuwa na harusi ya dada yake. Tukamfunga kilemba. Ndiyo maana kwenye mchezo ule ukiona binti anaingia sokoni na kilemba ambacho hakuwa nacho mlangoni, usitafute maana iliyofichika, harusi tu hiyo. Nawadai elfu arobaini mpaka leo.

Kwa hiyo la korido nawasamehe. Nisilowasamehe ni msiba wa Jumanne.

Wote mmeona msiba wa Kibongo, sina haja ya kueleza. Turubai, mikeka, wanawake chini na khanga, sufuria kubwa nyuma ya nyumba, mtu wa kuandika rambirambi na daftari lake. Geti Jeusi waliyapanga hayo yote vizuri, hata daftari lilikuwepo. Halafu kamera ikashuka kwa wanawake waliokaa kwenye mikeka: wigi, wigi, wigi, kope za kubandika, kucha ndefu zimeshika leso. Binti wa marehemu alilia kwa uangalifu mkubwa, kidole chini ya jicho, kope isianguke. Jamani, kuna mtindo wa nywele unaitwa twende kilioni. Jina lenyewe linajieleza. Mistari inarudi nyuma, unafunga, unavaa kitambaa, umeondoka, kwa mkono mwepesi haimalizi saa moja. Familia nzima imefiwa na hakuna hata mmoja aliyewaza hivyo? Msibani mtu anasahau hata viatu vyake ni vipi.

Na bado episodi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa na dakika bora ya wiki nzima. Dada wa kazi yuko jikoni peke yake, nje wanalia. Anaosha vikombe vya wageni. Katikati yake kimo kikombe cha marehemu, kile kikubwa cha bati chenye ukingo wa bluu tulichomwona nacho tangu mwanzo. Anakiosha, anakifuta, anakirudisha kwenye msumari wake. Anakiangalia. Anakitoa. Anakiweka kabatini na vya wageni, anakitoa tena. Mwisho anakisukuma nyuma kabisa ya sufuria, anafunga mlango wa kabati, anarudi kwenye karai. Hakuna muziki wala neno. Yule binti hata jina hajapewa, wanamwita "wewe".

Saluni ilinyamaza. Nilikuwa na wateja watatu na msaidizi wangu, na mmoja wao alikuwa chini ya draya, akaizima mwenyewe. Nikajiona na mimi nimesimama, nimeshika nywele za mtu hewani sizisuki. Mwandishi au mwongozaji, sijui nani, ameshaishi kwenye nyumba yenye msiba na kuangalia mikono ya wanaofanya kazi. Kisha tukarudishwa kwenye mikeka kwa wale wa kope.

Episodi iliishia mke mkubwa amepiga magoti mbele ya sanduku la marehemu chini ya kitanda, mkono kwenye kufuli, mlango unafunguliwa nyuma yake. Basi. Wateja walipiga kelele hadi fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nieleze kilichotokea kesho yake, ndipo mtaelewa kwa nini siwezi kusema tamthilia zetu hazina maana. Jumatano saa kumi na moja na nusu alfajiri nikapigiwa simu na mteja wangu wa siku nyingi. Jumanne ile ile alikuwa kiti cha dirishani, ametoka kwangu saa moja na nusu usiku, kabla Geti Jeusi haijaisha, na rasta mpya kabisa. Usiku huo mama yake mdogo amefariki Mpwapwa. Anataka zitoke kabla ya gari la saa tatu.

Tulizifumua wawili, mimi na msaidizi wangu, yeye kakaa kwenye kiti kile kile. Rasta za saa sita, zinavutwa kuanzia nchani. Hakulia. Alishika pakiti tupu ya rasta, anaikunja, anaikunjua. Nilipomaliza nikamsuka twende kilioni, mistari minane, bila kuuliza, na pesa sikupokea. Anafunga khanga yake mlangoni, akageuka: "Hivi yule mama alilifungua sanduku?"

Nikamwambia bado, mlango ulifunguliwa nyuma yake. Akatikisa kichwa, "Watakuwa wamemkuta." Akaenda zake kuzika.

Tuje kwenye vichekesho, maana ndiyo ulichouliza zaidi. Jumatano usiku palikuwa na kile kipindi cha vipande vifupi vifupi, na kimoja kilikuwa cha "Mgogo" aliyefika Dar. Mnakijua hata bila kukiona. Fimbo, shuka begani, kopo mkononi, anaomba. Lafudhi aliyotumia sijui ya wapi, ilianza Shinyanga ikaishia Iringa, na kila baada ya sentensi mbili wanabandika kicheko cha watu wasioonekana. Mwisho anaondoka anapunga mkono na kusema "mbukwenyi!"

Siku hiyo kwenye kiti nilikuwa na mama wa Hombolo, mtu mzima, kaja mjini kwa mambo ya hospitali akaona apitie asukwe. Hakukasirika. Aliuliza kwa utulivu kabisa, "Kaaga kwa salamu ya kuingilia?" Hapo ndipo saluni ilipocheka, na kitana nikakiweka chini, lakini sifa hizo ni za mama wa Hombolo, siyo za kipindi.

Mimi kwa baba ni Mnyaturu na kwa mama ni Mgogo, utani nimelelewa nao. Mhehe akinitania kwa njaa ya Ugogo namrudishia ya kwao palepale, na siku ya msiba wake nitakwenda kumfanyia vituko mbele ya jeneza na hakuna atakayenigusa. Utani una wawili. Kile cha Jumatano kina mmoja anayechekwa na wengine wote wako nyuma ya kamera. Na hata wakitaka kucheka na kuomba kwetu, mbona vichekesho vipo? Mama wa Hombolo analima zabibu. Akasema, "Waje wanione mimi ninavyomwomba dalali." Kisha akaigiza pale pale kitini: zabibu zimeiva zote wiki moja, haziwezi kusubiri, dalali amesimama na mzani wake anaangalia juu kama anayetafuta ndege, anasema zabibu za mwaka huu zina maji mengi. "Nikamwambia baba, mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, haya maji nimeyatoa wapi?" Alimwiga dalali anavyogusa zabibu moja, anaionja, anakunja uso, anaonja nyingine, anakunja uso, mpaka kichane kimekwisha na bei bado. Dakika nne hivi, hana mwandishi wala vazi, nusu ya kichwa haijasukwa. Ningekuwa na kituo ningempa saa nzima.

Waturuki nawapitia haraka. Ile ya mchana ya mama mwenye lulu, wiki nzima watu wameangaliana. Jumatatu alimwangalia mkwe wake, Alhamisi mkwe akageuka. Nywele zao lakini, heshima kwao: haziruki kutoka tukio hadi tukio hata unywele mmoja. Kasoro ni ya kwetu, wanaoingiza sauti za Kiswahili. Daktari, askari magereza na muuza samaki wote wana sauti ya mtu yule yule, basi kila daktari akisema tunageuka kutazama kama kaleta samaki.

Alhamisi ndiyo siku iliyonifanya niandike haya yote. Vichekesho vya Wapangaji. Nyumba moja, vyumba sita, mita moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Umeme umekatika saa moja usiku na mwenye nyumba amekusanya watu uani wachange. Hadithi yote ndiyo hiyo, haitoki uani.

Mwenye friji anasema friji siku hizi haili umeme. Mpiga pasi anasema yeye ndiye mchapakazi, wamwonee huruma. Mwanafunzi anasema anachaji simu tu, na hiyo anachajia chuoni. Jamaa wa chumba cha mwisho, aliyenyamaza muda wote, anasema kwa upole, "Mimi nina taa moja." Kila wanapozidi kubishana, "mimi nina taa moja." Halafu mwenye nyumba anauliza swali lililoniua: "Na taa ya choo ni ya nani?" Wote kimya. Wanaangaliana. Kila mmoja anaeleza kwamba yeye huwa haendi usiku.

Wakachanga hatimaye, namba zikaja kwenye simu. Mwenye nyumba anazisoma kwa sauti, mwanafunzi kapanda kwenye stuli anazibonyeza. Namba ishirini, mnajua. Anafika ya kumi na tatu, kuku anapita miguuni, anamfukuza, amepoteza mstari. Anaanza upya. Ya kumi na saba, mpiga pasi anauliza, "Ulisema saba au sita?" Upya. Walizisoma namba kweli, hawakuruka, na kila akianza upya tulikuwa tunasema naye saluni nzima, "nne, moja, tisa..." Umeme ukarudi. Taa zote zikawaka, watu wanashangilia, na polepole, ukiwa hujui inatoka wapi, wote wanaanza kunusa. Maharage. Wanafuata harufu mpaka chumba cha mwisho. Chini ya kitanda jiko la umeme, juu yake sufuria, inachemka. Yule bwana wa taa moja anaiangalia sufuria kama naye ndiyo anaiona mara ya kwanza, anasema, "Haya nimepewa yameshaiva."

Kitana kilikuwa chini zamani. Mteja wangu, mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alicheka hadi nikalazimika kufumua mistari miwili upande wa panja na kuirudia, na nilimrudishia bila kulalamika. Hakuna aliyevaa suruali ya kitambaa cha maua hadi kifuani, hakuna aliyeanguka, hakuna kicheko cha kubandika. Wamechukua kitu ambacho kila mpangaji wa nchi hii amewahi kugombania na wamekaa nacho, hawakukimbilia kingine. Mimi mita yangu nachangia na fundi cherehani na duka la soda. Ijumaa asubuhi fundi alikuja, akatazama draya yangu, akasema tu, "Mimi nina taa moja." Tumepanga upya mchango wetu tangu siku hiyo.

Kwa hiyo wanaosema vichekesho vimekufa, mnanikumbusha watu wanaolilia enzi za kundi la Ze Comedy pale EATV, na walipohamia TBC1 wakawa Orijino Komedi. Nami nililia, tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye TV ya chogo, watoto mbele, wakubwa dirishani. Walikuwa hodari. Na marehemu Mzee Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, mimi alikuwa ananichekesha akiwa amekaa tu hajasema kitu. Lakini enzi hizo hizo kulikuwa na uozo mwingi, tumeusahau kwa sababu hauna wa kuukumbuka. Na tulikuwa tunaona kipindi kimoja kwa wiki, mabaya yalikuwa machache ya kuona. Mwanzoni mwa 2013 walipozima analojia huku kwetu, chogo la mama likabaki chenga tupu, tukanunua king'amuzi, na tangu hapo vipindi havihesabiki. Kati ya vichekesho viwili vya wiki hii kimoja kimenifumulisha mistari. Hapo mimi nasema tumeshiba.

Jibu langu basi, mleta uzi: kilichoniangusha ni msiba wa Geti Jeusi, na kilichonibeba ni LUKU na kile kikombe. Yule "Mgogo" simhesabu, sijui alikuwa kwenye mchezo gani.

Sasa nina shida. Ijumaa, dakika kumi kabla ya mwisho wa Geti Jeusi, mita ikalia, ikazima, na pesa ya LUKU ilikuwa kwa fundi aliyekwenda kuswali. Tulipowasha tena ilikuwa taarifa ya habari. Yule mteja wangu wa Mpwapwa anarudi Jumatatu baada ya matanga, ameshanitumia ujumbe kwamba atapitia nimsuke, na najua kitu cha kwanza atakachouliza akikaa. Aliyeona hadi mwisho aniambie: mle sandukuni mlikuwa na nini?